Kapteni Uliyemtoa Mtoni

Vumbi la Masaki halina haraka. Pikipiki ya mkaa ikishapita, ikishapotea kwenye kona ya mikorosho, lenyewe hubaki hewani, likitua kidogo kidogo juu ya majani ya muhogo, juu ya kamba ya nguo, juu ya njia ambayo sikuruhusiwa kuifuata. Nasema Masaki yetu ya Kisarawe, Yasinta, si ile ya mjini yenye mageti. Eda nzima nililitazama vumbi hilo, nimejifunga nguo nyeupe, sina kazi nyingine.

Wewe ulikuwa Kibaha, Picha ya Ndege, kwenye nyumba iliyopakana na yangu, mguu juu ya cherehani. Mimi nilikuwa ukweni, mjane wa Bilali fundi baiskeli. Kati yetu palikuwa na barabara mbovu na simu moja yenye kioo kilichopasuka. Magharibi ikishaswaliwa, simu iliita. Nilisikia cherehani ikinyamaza, kisha sauti yako: "Haya shoga, tulia, nikusimulie."

Nami nikatulia.

Acha niikumbuke kwa sauti ile tamthilia ya kigeni iliyotafsiriwa Kiswahili, hata kama unaijua kuliko mimi. Kapteni na punda wake, kila jioni sebuleni kwangu, wewe kwenye kigoda, Justa wa dukani na karanga zake, Bilali kwenye kochi lililobonyea upande wake. Milima ya maboksi iliyotikisika mtu akiiegemea. Mamba wa mpira, zipu nje nje tumboni. Maadui kumi waliokuja mmoja mmoja kwa adabu, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupigwa. Na kofia ya Kapteni, haikudondoka hata kwenye mafuriko! Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta, na kesho yake tukarudi kukaa pale pale. Tuliipenda kuliko akili ilivyoturuhusu.

Bilali alicheka kabla kichekesho hakijafika. Alimwonya Kapteni kwa sauti: "Geuka nyuma wewe, geuka!" Kapteni akigeuka, Bilali alituangalia sote kama vile kazi ni yake. Nilimpenda zaidi kwenye dakika hizo kuliko siku ya harusi yetu, na sikuwahi kumwambia.

Jioni ile ya mwisho Kapteni alijitupa mtoni kumwokoa punda. Punda akatoka. Kapteni hakutoka. Muziki ukapigwa, majina yakapanda, nami nikashika kichwa. Bilali akanicheka. "Steringi hafi, mke wangu. Kesho utamwona anatoka, tena kofia kavu." Akazima taa.

Asubuhi hakuamka. Presha, walisema. Kochi lilikuwa bado limebonyea upande wake.

Tukampeleka kwao, Masaki. Ulikuja, ukakaa nami mkekani, rozari yako umeificha kiganjani. Wanaume wakambeba. Sisi wanawake tukabaki ndani, kama ilivyo desturi, tukisikiliza sauti zao zikienda, zikienda, mpaka zikawa upepo tu kwenye mikorosho. Sikuona walipomweka. Niliona mume wangu akitoka mlangoni mabegani mwa watu, basi. Sikulia. Watu wakasema Maulida ana subira. Sikuwa na subira, Yasinta. Nilikuwa sijaamini.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanajuma, aliifunika televisheni ya pale kwa kanga. "Eda na sinema wapi na wapi?" Sikumbishia; mtoto aliyekufa alikuwa wake. Lakini simu hakuifunika.

Ukapiga jioni ya kwanza wageni walipopungua. "Haya shoga, tulia, nikusimulie." Ukaniambia Kapteni ametoka mtoni. Kwamba alishika mzizi, kwamba mvuvi mmoja mwanamke alimvuta kwa wavu, kwamba alitema maji, akauliza punda yuko wapi. Nami, Mungu anisamehe, moyo wangu ukasema: kumbe mtu hutoka.

Tangu hapo nikaishi kwa simu yako. Mchana nilikuwa kivuli ukutani. Magharibi nilikuwa mtu. Kapteni alipanda milima, Kapteni alivuka jangwa, Kapteni alifungwa kamba na kuifungua kwa meno. Siku moja akala muhogo wa kuchoma. Siku nyingine akampa shikamoo mkuu wa maharamia kabla ya kumtandika. Akaugua malaria. Akafika kisiwa chenye parokia ambayo kwaya yake haikuwa na sare, akakaa huko siku nzima akisaidia kukata vitambaa. Nikasema moyoni, watafsiri wa siku hizi wameiva kweli!

Bi Mwanajuma alianza kwa kuguna. Kisha akawa anakuja kuketi karibu, eti kuchambua mchele. Jioni moja akasema bila kuniangalia, "Weka sauti kubwa, mama. Yule punda alipona kwato?" Tukasikiliza wawili, mama na mjane wa mtu mmoja, vichwa vikigusana juu ya kioo kilichopasuka.

Lakini kila Kapteni alipopona, mimi nilimngoja Bilali. Sikumwambia mtu. Kengele ya baiskeli ikilia barabarani, mkono ulikwenda wenyewe kushika bilauri ya maji ya kumpokelea. Nilitenga chakula cha ziada nikasema ni cha mgeni. Usiku nilisikiliza mlango. Kapteni alikuwa akitembea, na aliyesema atatoka alikuwa Bilali mwenyewe. Ningekubalije kwamba mmoja katoka na mwingine hatatoka?

Eda ikaisha. Wakaniogesha, wakanivalisha kanga mpya, Bi Mwanajuma akanibusu kwenye paji la uso. Nikarudi Kibaha. Ulikuwa umefagia kwangu, umepika wali wa nazi, umefungua madirisha. Tena ulisema haraka haraka, ukiwa umenipa mgongo, "Televisheni usiwashe, shoga. King'amuzi kimekufa."

Nikaenda dukani kwa Justa kununua sabuni. Akanikumbatia, akalia kidogo. Nikamwambia, angalau Kapteni yuko salama. Akanishangaa. "Kapteni gani? Ile si waliikata? Siku ile ile mzee wako alipofariki, jioni wakatuwekea mpira. Hawakuirudisha tena mpaka leo. Tulimwacha mtoni, Maulida. Mpaka leo yumo mtoni."

Sabuni niliisahau mezani kwake.

Nilitembea polepole kurudi nyumbani, nikiyahesabu moyoni yote uliyonipa: mzizi, wavu, muhogo, sare za kwaya. Kila kitu ulikitoa chumbani mwako, mguu umeuondoa kwenye cherehani, kazi za watu zikikungoja. Katika nchi nzima ni mtu mmoja tu aliyemtoa yule bwana mtoni, naye alikuwa wewe. Nilikushukuru mpaka kifua kikauma. Na papo hapo, njiani, kati ya bodaboda na wauza machungwa, nikajua kwamba Bilali hatakuja.

Magharibi ukabisha hodi. Ukakaa kwenye kigoda chako, mimi kwenye kochi, upande usiobonyea. Mbele yetu televisheni nyeusi. Ukavuta pumzi. "Haya shoga, tulia..."

"Nimetoka kwa Justa," nikasema.

Mikono yako ikaanza kukunja pindo la kanga, ikakunja, ikakunjua. "Nisamehe," ukasema. "Nilishindwa kukuambia yumo majini. Ulikuwa umeshafiwa na mmoja."

"Sina la kukusamehe. Nina ombi."

"Sema."

"Mzike."

"Nani?"

"Kapteni. Mzike leo, Yasinta. Mzike polepole, nione."

"Maulida, steringi..." Ukashindwa kumalizia. Wewe uliyekataa hata punda afe, machozi yakakutoka kabla yangu. Hata wewe makaburini hukufika siku ile. Tulikuwa wote mkekani. Lakini ulifuta uso kwa kanga, ukanyoosha mgongo, ukaanza.

Ukasema alikufa usingizini, hakuumia. Ukasema watu walitoka visiwa vyote, na maadui kumi waliomba wao ndio wabebe, wakapokezana mabegani, mmoja mmoja kwa adabu. Ukasema njia ilipita kwenye mikorosho. Ukasema kaburi lilikuwa safi, lenye kivuli. Kisha ukapunguza sauti, ukasema wakamshusha kwa mikono, taratibu, wakamlaza ubavu wa kulia, uso wakauelekeza kibla.

Kapteni wa kwenye televisheni, Yasinta! Sijui ulimuuliza nani, wewe binti wa parokia. Ulisimama hapo, ukaniangalia.

"Nifukie?"

"Fukia," nikasema.

Ukafukia. Na mimi nikalia kilio cha msiba, kile kilichonigomea Masaki, mpaka majirani wakagonga ukuta, na hukuniambia ninyamaze.