Bastola Aliyoichagua Mama Mkwe

Maudine Tackett hakubisha hodi. Aliegesha gari lake la mizigo mbele ya nyumba ya trela ya mkwewe, akaingia na matope yake viatuni, akamkuta Shawna jikoni amevaa sare ya kazi yake ya kuhudumia wazee, kahawa imempoa mkononi.

"Vaa koti. Tunakwenda kwa Lonnie."

"Lonnie wa bunduki?"

"Kuna Lonnie mwingine mji huu?"

Shawna hakuuliza kwa nini. Ijumaa ile Garrett alikuwa anatoka jela ya kaunti. Garrett alikuwa mumewe, waliyekwisha kuachana naye, tena mwana pekee wa Maudine. Alifungwa kwa kumvunja Shawna kiwiko cha mkono wa kushoto; kwa mengine aliyomfanyia kabla ya hapo hakufungwa. Hakimu alitoa amri asimsogelee. Pale pale mlangoni mwa mahakama, Garrett alimwinamia Shawna akamwambia kwa sauti laini, kama anayembembeleza mtoto, "Karatasi haifungi mlango, mpenzi."

Njiani mvua ilinyesha, misonobari ya Oklahoma imesimama pande zote mbili kama watu waliokatazwa kusema. Shawna ndiye aliyeanza.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ni mwanao."

"Najua ni nani. Nilimnyonyesha mimi, hukumnyonyesha wewe." Maudine aliushika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani. "Baba yake alinipiga mpaka ini lake lililooza kwa pombe likamuua yeye kabla hajaniua mimi. Mtoto alikuwa akikaa chini ya meza akitazama. Nikimtoa pale namwambia, baba kachoka tu. Kila mara, baba kachoka tu. Haya, kakua. Sasa kachoka yeye."

Wakafika dukani.

Lonnie alikuwa pande la mtu, ndevu mpaka kifuani, na kinywa kisichojua kufunga. "Bi Maudine! Nilidhani mbinguni wamekwisha kukuita."

"Walipiga simu, sikupokea. Tafuta kitu kidogo. Cha mfukoni, cha huyu."

Lonnie alimtazama Shawna, akautazama mkono wake wa kushoto, utani ukamwisha mdomoni. Akaweka bastola ya kwanza juu ya meza ya kioo. Ilikuwa bapa, nyeusi, ndogo kama pakiti ya sigara. Shawna aliipenda kwa wepesi wake. Lakini alipoambiwa avute kifuniko cha juu kirudi nyuma ili risasi iingie, mkono wa kushoto ulimkataa. Alivuta, akauma meno, kikaenda nusu kikarudi na kumfinya kidole.

"Hiyo basi," Lonnie alisema. "Tena ndogo hivyo ukiipiga inarusha teke kama punda. Watu wanapenda kuibeba, kuipiga hawapendi."

Ya pili ilikuwa nene kidogo, imekaa vizuri kiganjani, laini kuvuta. Shawna aliitia mfuko wa sare. Maudine akamzunguka huku kakunja uso, kama fundi cherehani anayetazama pindo.

"Tembea. Inama, chukua kalamu hiyo." Shawna aliinama, mfuko ukaning'inia upande mmoja kama titi la ng'ombe. "Ng'o! Wazee unaowaogesha wote wataiona. Utaanza kuiacha garini, na ya garini si yako, ni ya mwenye bahati."

"Je, nikiitia mkobani, Mama?"

"Mkoba ndio kitu cha kwanza atakachokunyang'anya," Lonnie alimjibu.

Ya tatu ilikuwa ya mtindo wa zamani, yenye kikombe cha risasi tano kinachozunguka, mtutu mfupi, mgongo laini usio na kitu cha kunasa kwenye nguo. Haikuwa na cha kuvuta, kidole tu. Kilimi chake cha kufyatulia kilikuwa kigumu, lakini mkono wa kulia wa Shawna ulikuwa mzima. Aliifyatua tupu kuelekea ukutani mara kadha. Ilitoa mlio mdogo, mkavu, kama mtu anayevunja njugu.

"Hii," Maudine alisema, kabla Shawna hajafungua kinywa.

Lonnie hakuifungasha bado. Aliweka viganja juu ya kioo. "Bi Maudine, mimi na Garrett tumewinda kulungu pamoja tangu tuko shule. Nikuulize tu. Unajua unanunua nini?"

"Nilimzaa, Lonnie. Usinifundishe."

"Sawa."

"Basi lete na ala yake, isije ikamchoma nyonga."

Nyuma ya nyumba ya Maudine kulikuwa na tuta kubwa la udongo mwekundu. Walisimika sahani za karatasi juu ya vijiti, na kila alasiri Shawna akitoka kazini alisimama pale, masikio ameyaziba, akipiga. Mwanzoni alifumba macho. Baadaye hakufumba. Siku moja aliuliza, "Je, nikimpiga mguuni tu?"

"Mguuni ni sinema. Atakufikia na mguu wake mmoja." Maudine aligusa kifua chake mwenyewe, katikati, juu kidogo ya kitufe cha sweta. "Hapa." Kisha akaenda kusimika sahani nyingine, akachelewa sana kurudi.

Garrett alitoka. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Watu walimwona kituo cha mafuta, amenyoa, anacheka. Shawna alianza kupumua, na kupumua huko ndiko kulikomwogopesha zaidi.

Alikuja Jumapili, mchana kweupe, baada ya kanisa. Kuku wa kukaanga alikuwa bado mezani kwa Maudine, mkate wa mahindi umekatwa nusu, Shawna yuko kwenye sinki. Walilisikia gari. Maudine akawahi mlangoni, akasimama akiwa ameushika mwimo.

"Si leo, mwanangu. Rudi nyumbani."

"Hapa si nyumbani?" Alikuwa na harufu ya pombe lakini sauti haikuyumba. "Nataka kuongea na mke wangu."

"Huna mke hapa."

"Mama, nimechoka. Toka mlangoni."

Maudine hakutoka. Garrett akamsukuma, si kwa nguvu sana, kama mtu anayesogeza kiti, na yule mama akaenda kupiga ubavu kwenye jiko akaanguka. Garrett hakumtazama. Alivuka jikoni hatua chache, akamkamata Shawna koo kwa mikono miwili, akamkandamiza kwenye sinki. Shawna aliona dari, akaona taa, kisha vyote vikaanza kufifia. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni mwa aprini, umeshika bastola. Haukutoka. Alifyatua humo humo ndani ya nguo, mara mbili, na aprini ikashika moto kidogo ikazimika.

Garrett alimwachia. Alirudi nyuma, akakaa sakafuni polepole, mgongo kwenye kabati, uso umejaa mshangao.

"Mama," alisema. "Mama, naumia."

Maudine alitambaa mpaka kwake. Akakiweka kichwa chake mapajani, akampangusa jasho kwa pindo la gauni la kanisani. "Nipo. Nipo hapa, mwanangu. Umechoka tu. Umechoka tu." Aliendelea kusema hivyo hata baada ya kuwa hakuna tena wa kumsikia, mpaka askari wa kaunti walipoingia wakamwondolea mikono kidole kwa kidole.

Shawna hakushtakiwa. Shingo yake ilikuwa na alama, na Maudine alieleza yote bila kuongeza wala kupunguza, ubavu wake umefungwa bandeji. Sherifu aliposema kwamba Shawna hakuwa na njia nyingine, Maudine alijibu, "Najua. Ndiyo maana nilimnunulia." Kisha akaomba maji.

Mazishini Shawna hakwenda. Maudine alimpigia simu usiku wa kuamkia siku hiyo.

"Usije. Na nyumbani usije kwanza."

"Unanilaumu, Mama?"

"Hapana. Lakini nikikuona, naisikia milio ile miwili." Akakata.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Shawna aliujua wa kwake pia, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpa pole. Kuna siku alikuwa amempenda yule kijana, na hakujua aupeleke wapi msiba wa namna hiyo. Alifanya kazi. Aliogesha wazee, akabadilisha mashuka. Akilala, alilala taa inawaka.

Walikutana majira ya baridi, dukani, kwenye rafu za unga. Maudine alikuwa amekonda, koti limemzidi. Alimwona Shawna, akageuza kitoroli akaenda zake. Shawna akabaki amesimama na mfuko wa unga kifuani, hajui auweke au aubebe. Kisha akasikia magurudumu yakirudi.

"Bado unatumia jina letu?" Maudine aliuliza, macho kwenye unga.

"Bado, Mama. Sijaenda kubadilisha. Ukitaka nita..."

"Usibadilishe." Akakisogeza kitoroli karibu. "Nikifa mimi, ni wewe tu utakayebaki nalo."

Akachukua ule unga mikononi mwa Shawna, akautia kwenye kitoroli chake, akatangulia kuelekea kwenye foleni. Hakugeuka kumwita, wala hakumkataza kumfuata.