Pishi la Jumanne

Saa nne kamili asubuhi Lorraine Zastrow aliketi kwenye kibanda chake cha kuonjea, akavua miwani, akasogeza vikombe vitatu karibu. Kila kimoja kilikuwa na bia ya mafunda matatu. Pembeni palikuwa na maji na biskuti zisizo na chumvi. Kazi yake haikuwa kusema kama bia ni nzuri. Ilikuwa kusema kama bia ya leo ndiyo ya jana na ya mwaka juzi, kisha kutia alama kwenye fomu: Ile ile, au Tofauti. Kiwanda cha bia cha mji wa Wausau kilimwajiri miaka ishirini na miwili iliyopita, na hajawahi kukosea.

Bia yenyewe ilikuwa ya rangi ya shaba, na ilipatikana kila mahali: vituo vya mafuta, viwanja vya ndege, viwanja vya besiboli, majimbo thelathini na nane. Vijana wa mjini waliidharau. Wao kila Jumamosi walipanga foleni kwenye viwanda vidogo kununua bia za embe na za keki ambazo wiki inayofuata hazipo.

"Hizo ni za kupiga picha," Lorraine alisema. "Hii ni ya kunywa."

Akitoka kazini alifungua chupa moja, akaimimina kwenye glasi na kuinywa polepole mbele ya dirisha la jikoni. Kwanza ganda la mkate, kisha sukari iliyoungua kidogo, mwisho uchungu wa ganda la chungwa. Haikuwahi kumwangusha. Hakukuwa na binadamu ambaye Lorraine angeweza kusema hivyo juu yake.

Jumanne moja ya Februari, kikombe cha pili kilikuja na kitu baada ya kumeza: sabuni ya vyombo, glovu za sufu zilizolowa zikikaushwa juu ya kipasha joto, viazi vya kukaanga, na sauti ya mwanamke ikisema, "Vaa kofia."

Kwenye kibanda cha jirani, mwonjaji mwenzake Mai Vang alikohoa.

"Lorraine, umo humu kikombeni."

"Mimi?"

"Jikoni kwako. Nimekaa pale mara ngapi? Hata harufu ya mbwa imo."

"Mbwa alikufa."

"Basi humu hajafa."

Gordy Pfaff, mkuu wao, alionja mara mbili. "Kimea sawa. Uchungu sawa. Povu sawa. Fomu haina mahali pa kuandika jiko la mtu." Wakakubaliana naye. Bia imepimwa kwa ulimi wa Lorraine miaka ishirini na miwili. Si ajabu siku moja naye akaingia kwenye bia. Wote watatu wakatia alama ya Ile ile, pishi hilo, yaani bia yote iliyopikwa siku hiyo, likajazwa chupani, malori yakaondoka.

Wiki ya pili ikajulikana. Aliyekunywa chupa ya pishi la Jumanne aliiweka mezani akampigia mama yake. Seremala mmoja wa Ohio alipiga baada ya miaka sita, akaulizwa kama amekula. Wale ambao mama zao walishafariki walibonyeza namba nyingine, iliyowajia vidoleni yenyewe, na simu ya ukutani ya Lorraine ikalia.

"Mama?"

"Mimi siye. Lakini endelea, nakusikiliza."

"Nilikuwa nataka tu kusikia... Huku Nebraska kuna theluji."

"Umevaa kofia?"

"Hapana."

"Vaa kofia. Mtu mzima hovyo!"

Alianza kupika huku amebana simu begani. Siku ya kwanza, kabla ya chakula cha jioni, alikuwa ameshaongea na wanaume kumi na wanne na mwanamke mmoja wa Delaware aliyelia tu. Kila simu ilipolia aliacha iite mara mbili, akajifuta mikono kwanza, huenda ni Curtis.

Curtis, mwanawe wa pekee, aliishi Schofield, dakika kumi na mbili kwa gari. Hakuwa amepiga kwa miaka minne. Alipotimiza mwaka mmoja tangu aache pombe, Lorraine alimwalika kula samaki Ijumaa jioni, akaweka chupa kando ya kila sahani, na ya Curtis pia. "Hii si pombe," alimwambia. "Hii ni kazi ya mama yako." Curtis alikunja kitambaa chake, akavaa koti, akatoka kichwa wazi.

"Hawezi kupiga," Mai alisema. "Hanywi."

"Najua hanywi."

"Namba yake si unayo? Mpigie wewe."

"Mtoto ni yeye."

"Basi mwambie ulikosea."

"Nilikosea nini, Mai? Bia tu. Hata kwenye vituo vya mafuta ipo."

Jumamosi asubuhi Lorraine aliendesha gari hadi Schofield na kuacha chupa moja ya pishi la Jumanne kwenye ngazi za Curtis. Alikuwa amepiga hesabu: funda moja lingetosha. Chupa aliivika kofia nyekundu ya sufu aliyoifuma mwenyewe, kisha akarudi nyumbani kukaa karibu na simu.

Jumapili alikuta chupa kwenye ngazi zake. Baridi ilikuwa imeipasua, na bia iliyoganda ilisimama wima katika umbo la chupa. Alama za buti kubwa zilikuja hadi mlangoni na kurudi barabarani. Kofia haikuwepo.

"Upepo," alisema, akafagia vigae.

Ndani, simu ililia. Aliacha iite mara mbili.

"Mama," alisema mwanamume wa Kansas, "nisamehe."

"Yamekwisha, mwanangu."

Neno "nisamehe" alilisikia mara thelathini kila jioni. Alishajua linavyotamkwa, mahali watu wanapovuta pumzi, na jinsi linavyotoka jepesi likishaanza. Namba ya Curtis ilikuwa imebandikwa kwenye friji, mkono ukinyooshwa unaifikia. Aliukausha mkono huo, akamenya viazi.

Jumatatu saa nne kamili aliketi kibandani, akavua miwani. Gordy alisema mauzo yamepanda na ofisi inauliza kama kuna kasoro. Lorraine alionja kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alikuwemo katika vyote vitatu, na humo jikoni hamkuwa na mtu mwingine.

Akatia alama: Ile ile.