Kikapu cha Mgeni

Mama Vikapu alikuwa anakosea kwa makusudi, na kukosea huko kulimtoa jasho kuliko kazi yoyote. Bwana Mradi, ofisa wa mradi wa utalii wa ubunifu kijijini, unaowaleta wageni kujifunza kazi za mikono, alisimama mlangoni na simu mkononi, akilinganisha kikapu na picha.

"Hapa mgeni aliruka ukindu mmoja. Ruka na wewe, mama."

"Nimesharuka."

"Na mdomo ulilala upande. Huu wako umesimama mno."

Mwaka jana yule mgeni alijifunza kusuka hapa hapa barazani, akakiacha kikapu chake kwenye nyumba ya maonyesho kiwe kumbukumbu. Mama Vikapu alikifumua apate ukindu. Angefanyaje? Tangu mradi uzungushie ua bonde walikokuwa wakikata ukindu ili wageni wapate pa kupigia picha, sasa unanunuliwa mjini, na bei haishikiki. Sasa mgeni anarudi kesho, na watoto wake, kukiona.

"Si nimwambie ukweli tu? Nitamsukia kingine kizuri, hata bure."

"Vizuri vimejaa madukani. Yeye anataka chake." Bwana Mradi alishusha sauti. "Usiniharibie, mama. Asipokikuta, zamu ya kupokea wageni nampa jirani yako."

Zamu ile ndiyo iliyokuwa ikiwasha jiko la nyumba ile. Basi akameza hasira, akaufumua mdomo wa kikapu na kuanza kuupinda upya, akihangaika nao mpaka jioni.

Kesho yake mgeni alikuja, akakikumbatia kikapu, akawaonyesha watoto pale alipokosea, wakacheka. Bwana Mradi alicheka kuwashinda wote. Mama Vikapu naye akaitwa asimame pembeni apigwe picha, kama mwalimu.

Walipoondoka, alikivuta kikapu chake mwenyewe, cha kupeleka sokoni, akasuka mbiombio kufidia siku iliyopotea. Mama mkwe wake, aliyemfundisha kazi hii kabla macho yake hayajapoteza nuru, alinyoosha mkono akakipapasa, kama alivyozoea. Kidole kikasimama.

"Mwanangu, hapa pamerukwa ukindu," alisema. "Hiki nacho cha mgeni?"

Mama Vikapu aliinama kuangalia. Kweli, mkono wake ulikuwa umeruka wenyewe, bila kuambiwa na mtu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na nyuma yake hasira ambayo hakujua ampelekee nani.

"Cha mgeni, mama," alijibu, akaanza kukifumua.