Nafasi ya Picha

Watu hunitafuta kwa sababu ya sebule ndogo, au sebule yenye giza, au mume asiyetaka kiti cha babake kiguswe. Huyo mume sina dawa yake. Hizo shida nyingine ndizo zinazonilisha. Nina duka la mapazia na rangi pale Kimbo, Ruiru, na mtu akinionyesha nyumba yake kwenye simu, hata hajamaliza kueleza nimeshaliona kosa. Mapazia ameyatundika usawa wa dirisha, ndiyo maana dari linaonekana kumkalia kichwani. Viti amevisukuma vyote ukutani kama wagonjwa wanaongoja daktari. Namwambia apandishe fimbo ya pazia hadi karibu na dari, avute viti mbele kidogo, aweke kioo mkabala na dirisha ili mwanga uingie mara mbili. Anaondoka amefurahi, nami nafurahi. Ni kazi niliyoipenda bila wasiwasi hadi nilipoingia kwa kina Njau.

Njau aliniita Makongeni, Thika, kwenye nyumba ya mawe ambayo marehemu baba yake aliijenga akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo. Alinipokea langoni akiwa na dada yake, Becky. Njau anauza bima Nairobi, Becky ana saluni mtaa wa Githurai 45. Wote wawili walikuwa na haraka.

"Madam Kamene, tunatarajia wageni wengi," Njau akasema. "Nataka hii sitting room ikae poa kabisa. Na iwe haraka."

"Ni ruracio?" nikauliza. Haraka ya namna hiyo mara nyingi huwa ni ya wakwe wanaokuja na mahari.

Becky akamtazama kaka yake. "Ni wageni tu," akasema.

Sebule ilikuwa na magonjwa yote ninayoyajua. Ilikuwa nyembamba, dari limeshuka na kuchorwa madoa ya maji ya mvua, kuta zimepakwa kijani cha zahanati hadi kiunoni. Kila kiti kilivishwa kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, na meza pia, na hata redio ilikuwa na chake. Kabla sijasema neno, Becky alikuwa ameanza kuvikusanya na kuvitia kwenye gunia.

Njau akasimama kando ya dirisha na kutandaza mikono ukutani. "Hapa usiweke kitu. Uniachie nafasi kubwa hivi, na taa mbili huku juu ziimulike."

"Ya picha?"

"Ndiyo. Itakuja."

Hapo nikasikia kikohozi kutoka nyuma ya nyumba. Nikauliza ni nani.

"Ni Mum," Becky akasema. "Hajisikii vizuri."

Mimi sikulelewa kugusa ukuta wa mtu kabla sijamsalimia mwenyewe, kwa hivyo nikaenda. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, na dirisha lilikuwa limezibwa na tangi la maji lililosimamishwa nje. Mama yao, Idah, alikuwa amelala chini ya mablanketi mengi, mwili umebaki kidogo sana. Ilikuwa saratani ya tumbo, na hospitali ilikuwa imewaambia wampeleke nyumbani. Lakini macho yalikuwa mazima.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, shosho."

"Unatengeneza nyumba ya nani?"

"Yako, shosho."

"Haya basi, sikiza mwenye nyumba." Akapumzika kwanza. "Kuna kiti changu huko kwa dirisha la sebule. Hapo naona geti, naona nani anapita na amebeba nini. Nataka kukaa huko mbele. Sitaki kufa nikiangalia tangi."

Nikarudi kwa watoto wake nikawaambia. Nilidhani ni jambo dogo.

"Viti vipya ni cream," Becky akasema. "Na Mum siku hizi hajizuii. Wewe hujui hizi nguo nafua kila asubuhi." Nilimtazama mikono, nikamwamini. Alikuwa amechoka kweli.

"Wacha kwanza rangi ikauke," Njau akasema. Kisha akanivuta kando. "Dad alipokufa mvua ilinyesha. Pasta akiomba hapa ndani, maji yanamwangukia kwa kichwa. Watu wa kanisa wamekaa huko nje kwa mawe. Walituongelea miaka, ati tumesoma na tumemwacha mama kwa nyumba inavuja. Siwezi kurudia hiyo aibu, madam. Siwezi."

Ndipo nikajua wageni ni wa matanga, na picha ni ya nani.

"Njau, mama yako anapumua," nikamwambia.

"Najua. Lakini daktari alituambia ukweli."

Nilitamani kummwagia kopo la rangi. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto anayeogopa midomo ya watu kuliko anavyoogopa kumkosa mama yake. Ningeweza kuondoka, lakini angeletwa fundi mwingine ambaye hata hangemsalimia yule mama. Nikabaki.

Nilianza na mabati, kwa sababu kupaka rangi juu ya unyevu ni kujidanganya. Dari jipya likawekwa, ile kijani ikafunikwa na rangi ya maziwa, fimbo za mapazia zikapanda juu. Sebule ikanyooka ikapumua. Na kila siku nilipopita kumjulia hali, Idah aliniuliza neno moja tu, "Leo?"

Kwanza nilimwambia rangi bado ni mbichi. Kisha nikamwambia wanangoja viti. Kile kiti chake cha zamani kilikuwa kimepelekwa stoo pamoja na lile gunia la vitambaa. Viti vipya vilipofika, vilikuwa vimefungwa nailoni, na Becky akakataza isiguswe mpaka wageni waje.

Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumpa Idah ni kioo. Nikatoa dukani kioo kirefu, kile ninachowauzia watu wenye korido nyembamba, nikakisimamisha kwenye korido mkabala na mlango wake, kikiwa kimegeuzwa kidogo kuelekea sebuleni. Nikawa nakisogeza taratibu naye ananiongoza akiwa kitandani.

"Bado. Bado, mwanangu. Rudisha kidogo. Hapo!"

Dirisha lote la sebuleni lilikuwa limeingia kwenye kioo, na geti nyuma yake, na barabara.

"Ngai! Kumbe Karanja bado anauza maziwa na ile baiskeli?" Akacheka mpaka akakohoa. "Na ni nani huyu amemuuzia msichana wa Muriithi hiyo sketi?"

Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Becky nilimwambia kioo kinapanua korido, na huo pia ulikuwa ukweli, naye akakipenda. Kwa siku chache Idah alikaa macho mchana kutwa, akinihadithia nani amepita na nani amenenepa. Uji aliokuwa akiukataa akaanza kuunywa.

Jumamosi nilikuja kumalizia mapazia, nikaingia kwanza kumnywesha uji. Njau alifika na kitu kipana kilichofungwa karatasi ya kaki. Nilimsikia, nikasikia na drili ikianza, na bado sikuwaza lolote. Nilikuwa nimeshika kikombe. Halafu nikaona Idah ameacha kumeza. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo, nikageuka.

Njau alikuwa juu ya stuli, Becky akimwelekeza kutoka chini. Katikati yao, kando ya dirisha, alikuwa Idah mwenyewe, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, kwenye fremu ya dhahabu, amevaa kofia ya kanisani, anatabasamu. Becky akarudi nyuma hatua moja, akawasha zile taa mbili aone zinavyommulika.

Nilitaka kufunga mlango, lakini kufunga nini tena?

"Njau," Idah akaita. Sauti haikuwa kubwa, lakini drili ilinyamaza hapo hapo. "Picha iko upande. Imelala huko kwa dirisha."

Nikasikia stuli ikisogezwa. Kisha Njau akaja, akasimama mlangoni na vumbi la ukuta mikononi, akakitazama kioo, akamtazama mama yake. Akapiga magoti pale pale kwenye korido. "Mum, si vile unafikiria," alisema, na kilio kikamzuia kusema zaidi. Becky alikuwa nyuma yake, akizungumza haraka haraka.

"Mum, twende huko mbele. Tunakubeba sasa hivi. Ngoja nitoe nailoni." Akakimbia, nami nikaisikia ile nailoni ikiraruka, vipande kwa vipande.

"Mwite arudi," Idah akasema. Becky akarudi na kipande cha nailoni bado mkononi.

"Nimeomba hicho kiti tangu mlete rangi," mama yao akawaambia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mlinikataza. Sasa huko ni kwa matanga. Mimi sijakufa. Siwezi kwenda kukaa kwa matanga yangu."

"Mum, tafadhali," Njau akasema.

"Nitaingia siku yangu ikifika." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu, toa hicho kioo."

Nikakitoa. Nilikibeba mpaka nje, na niliporudi kumuaga alikuwa ameugeuza uso dirishani. Katikati ya wiki akafariki, bado akiliangalia tangi.

Nilienda matangani. Watu walijaa na hakuna aliyekaa nje. Mvua ilinyesha, na tone halikuingia. Pasta aliwasifu watoto kwa kumheshimu mama yao. Viti vile vya cream vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe vya Idah. Becky alikuwa amevitoa kwenye gunia akavipiga pasi, na havikuendana na chochote mle ndani. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alilishika pazia akalipapasa.

"Ni nani aliwafanyia hii kazi?" akaninong'oneza. "Nataka namba yake. Mama yangu pia hajisikii vizuri."

"Mimi sijui," nikamwambia.

Picha ilikuwa bado imelala upande, kuelekea dirishani. Hakuna aliyeigusa tangu siku ile. Mimi siwezi kukaa kwenye chumba chenye fremu iliyopinda, mikono huniwasha, lakini niliikalia hiyo mikono. Njau alikuwa ameketi mkabala nayo. Aliitazama, akanitazama, kisha akainamisha kichwa. Tuliomba, tukanywa chai, tukaondoka tukaiacha vile vile.