Tarehe Haina Ukoo

Wanaosema fahali wawili hawakai zizi moja hawakuwajua Abdia na Tuneya. Abdia alikuwa Muorma wa Garsen, binti wa mfugaji. Tuneya alikuwa Mpokomo wa Hola, mtoto wa mashamba ya mtoni. Wazee wao waligombania njia za ng'ombe kwenda majini tangu hapo, nao wakakutana kwenye kompyuta za shirika moja la mifugo, wakaandika pamoja kijitabu cha dawa.

Programu waliyotumia ilikuwa huria. Watu wasiowajua, wa nchi za mbali, waliitunga na kuigawa bure, na kila aliyeweza aliongeza chake. Tuneya aliifundisha kupanga kurasa za Kiswahili na Kiorma, akawarudishia wenzake wa ng'ambo kazi hiyo kwa njia ya simu kutoka Mombasa. Kijitabu chenyewe hakikuwa na nakala kuu. Abdia alikuwa nacho kizima Garsen, Tuneya alikuwa nacho kizima Hola. Kila mmoja alirekebisha chake, disketi ikapanda basi, na programu ikaziunganisha nakala mbili kuwa moja.

Je, mistari ikitofautiana, wa nani ubaki? Garsen ikishinda, Hola itanuna. Hola ikishinda, maneno yataanza sokoni. Tuneya akatoa rai kwamba programu itazame tarehe tu, mstari ulioandikwa karibuni ndio ukae.

"Tarehe haina ukoo," alisema.

Abdia alicheka, akakubali. Lilikuwa jambo la busara, na anayejidai kwamba angeona mbele zaidi yao ni mwongo.

Kisha mwishoni mwa tisini na saba ikaja mvua ya El Nino. Mto Tana ulisahau kingo zake, barabara ikazama, Garsen ikawa kisiwa. Mzee Jatani, baba yake Abdia, alikwama ng'ambo ya maji kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka, pamoja na Kadra, mke wa mwanawe, na ndama waliosalia. Ng'ombe wakubwa walikuwa wamekwenda na maji. Ndama hao ndio waliokuwa mali yote ya nyumba ile, na kupe walikuwa wakiwamaliza.

Shirika likaleta dawa ya kupe. Jina lake lilikuwa lile lile, ila safari hii ilikuwa kali zaidi. Kijitabu kilisema vifuniko vitatu kwa ndoo ya maji. Hii ilitaka kimoja tu. Abdia aliliona hilo mara moja. Kompyuta yake ilikuwa imezimika tangu maji yalipoingia kwenye jenereta, na ilipopata umeme tena aliurekebisha mstari ule mmoja, akampa rubani wa helikopta disketi ampelekee Tuneya, ambaye ndiye aliyekuwa na mashine ya kuchapa. Tarehe kwenye kioo hakuitazama. Nani hutazama tarehe wakati baba yake yuko ng'ambo ya mafuriko?

Vijitabu vilirudi na helikopta ile ile. Abdia alifungua ukurasa wa kupe akasoma: vifuniko vitatu. Akafungua wa mwisho, panapoandikwa majina ya wote waliochangia. Lake lilikuwepo.

Alimkimbilia rubani. Rubani akamwambia kwamba walikuwa wameshapita kwa mzee wake asubuhi, wakadondosha dawa na vijitabu. Kurudi hakukuwezekana, mafuta yalibaki ya kufika Hola tu, na mawingu yalikuwa yakishuka. Abdia akaomba, akalia mbele za watu, naye si mtu wa kulia. Helikopta ikaondoka.

Abdia akamwita Tuneya kwenye redio ya mawasiliano, naye akaichungulia nakala yake mstari kwa mstari.

"Dada, betri ya saa katika kompyuta yako imekufa," alisema hatimaye. "Umeme ulipokatika saa ilirudi mwanzo, na mstari wako una tarehe ya mwaka wa themanini. Programu imeuona wangu kuwa ndio mpya, ikautupa wako."

Programu ilifanya walichoiambia. Abdia alirekebisha saa, akaandika tena kifuniko kimoja, akalikata kwa kalamu kila neno "vitatu" lililokuwa pale ofisini. Kisha alikaa kizingitini akitazama maji. Garsen nzima haikubaki na kijitabu chenye kosa, na hilo halikumsaidia mtu yeyote aliyekuwa ng'ambo. Mawingu hayakupanda kesho yake, wala siku zilizofuata.

Maji yalipopungua kidogo, jirani yao Sadik alifika kwa mtumbwi. Alisalimia, akaombwa akae, akakataa kukaa. Ndama walitetemeka, alisema, wakatoka mate, wakaanguka mmoja baada ya mwingine kabla ya jua kuzama. Mzee alikuwa mzima, na alimtuma aseme kwamba hana kinyongo na mtu.

Abdia aliuliza kama baba yake, aliyeogesha ng'ombe tangu ujana wake, hakuona kwa rangi na harufu kwamba dawa ilikuwa kali mno.

"Aliona," Sadik alisema. "Amenituma nikwambie hivi: 'Mkono wangu ulikataa. Nikamwambia Kadra asome tena. Akasoma tena, akasoma na jina lako pale mwisho. Nikasema, basi, kama ni Abdia, tia.'"