Posa kwa Mkurugenzi Mstaafu

Wageni wa posa walipofika kwetu Kibamba, mume wangu Valerian aliwapokea mikoba mwenyewe mlangoni. Ndivyo alivyo. Aliongoza idara ya ujasusi miaka mingi, sasa anafuga kuku, lakini mgeni habebi mzigo mbele yake.

Walimtaka mjukuu wetu Gladness, kwa kijana Apolinari. Msemaji wao alikuwa baba mkubwa wa kijana, Anselmo, mwalimu mstaafu wa Tabata.

"Mzee huyu anajua hata tulichokunywa asubuhi," mgeni mmoja akatania.

"Chai ya rangi," Valerian akajibu. "Umejimwagia kwenye shati."

Tulicheka wote, isipokuwa Anselmo.

"Mzee wangu, shikamoo tena," alisema. "Kabla hatujafika mbali, nina neno. Baba yangu alikuwa karani serikalini. Mtu akamchongea kwenu kwamba anauza siri. Mlimhoji, mkamwona hana kosa. Lakini miezi ile watu walitukimbia kama wagonjwa wa ukoma. Mkurugenzi ulikuwa wewe. Nitajie aliyemchongea, tuendelee. La sivyo, sie tunanyanyuka."

Nilikuwa nimekaa kando ya pazia la mlango wa ndani, na Gladness, aliyejificha nyuma yake, alinishika mkono mpaka ukaniuma. Alimpenda kijana yule, nami nilijua.

Siku hizi wakurugenzi wa kazi hiyo tunawaona kwenye runinga wakiapishwa. Enzi za mume wangu, majirani walijua tu kwamba ni mtu wa wizarani. Sifa hakuwahi kuidai. Lawama, naona, zilimfuata mpaka nyumbani.

"Namkumbuka baba yako," alisema taratibu. "Waliomhoji walikuwa vijana wangu, kwa hiyo lawama ni yangu, nipe. Barua ya kumrudisha kazini niliipeleka mwenyewe, nikamwomba radhi. Wewe ulikuwa masomoni. Lakini jina sitoi."

Mdogo wangu Margareta akamnong'oneza, "Shemeji, si utaje marehemu yeyote? Nani atamfuata kumuuliza?"

"Marehemu naye ana wajukuu," Valerian akamjibu, wala hakunong'ona.

Anselmo alisimama. "Na huyo mchongezi, ana watoto?"

"Anao."

"Wanajua?"

"Hawajui. Nao wana posa zao, mwalimu. Mmoja wao akija kuoa kwenu, umfungie mlango kwa jambo asilolijua?"

Anselmo alinigeukia mimi. "Mama, hata wewe hajakwambia?"

"Mie? Nilijua anapenda ugali wa moto. Mengine tumelala nayo kitanda kimoja bila kujuana."

Kicheko kilimponyoka, hakukitaka. Akaketi, akajifuta uso kwa leso.

"Baba alisema alikuja mtu mpole akaomba radhi, akanywa uji, akamsaidia mama kuingiza kuni, mvua ilikuwa inakuja. Sie tuliosimuliwa tulidhani ni tarishi."

"Uji ulikuwa mtamu," Valerian akasema.

Mwalimu alimtazama sana. "Nilikuja kutafuta jina. Ungenitajia, ningeondoka nalo, na njia nzima ningewaza: kesho tukigombana sie, atatutaja kwa nani?" Akawageukia wenzake. "Kijana wetu ana mdomo mwepesi. Akikaa na binti aliyelelewa nyumba hii, huenda akapona."

"Hilo hata mie siahidi," Valerian akasema.

"Haya, mwiteni binti," alisema Anselmo, "tumuulize kama anatutaka."

Nilipogeuka, Gladness alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya pazia, yuko mbele ya wageni.