Dereva Kwanza

Daktari wa macho alipomwambia kaka yangu Adelar asishike usukani mpaka afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, alirudi nyumbani, akatundika funguo za gari kwenye msumari, akavuta kiti karibu na jiko la kuni, akakaa. Alikaa tangu matufaha yanaanza kuvunwa mpaka majani ya mizabibu yakawa mekundu na kupukutika. Kama si kula na kulala, nadhani angeota mizizi palepale.

Mimi ni Neiva, dada yake mdogo. Tangu nifiwe na mume wangu naishi nyumba ya jirani naye, na hapa mjini Vacaria kila mtu anajua kwamba ulimi hauna mfupa, ila wangu hauna hata mlango. Nilikuwa nimemchoka kaka yangu. Kila nikiingia kusalimia, namkuta ameupa ulimwengu kisogo, anatazama moto ambao hata hauoni vizuri. Mke wake, Zelinda, hakugomba naye hata siku moja. Zelinda alikuwa anaogopa.

Alasiri moja tulikuwa tunamenya pinhão, zile mbegu nene za msonobari tunazozingoja mwaka mzima, akaniinamia sikioni.

"Wifi," akasema, "huyu hatanifia kwa macho. Atanifia kwa kiti."

Nikamuuliza sasa anataka kufanya nini. Akasema anataka waende safari ya Corpus Christi kama kawaida. Nikamuuliza nani ataendesha. Alimenya mbegu nyingine kabla ya kunijibu.

"Mimi."

Safari yenyewe ni hii. Sikukuu ya Corpus Christi, yaani ya Mwili wa Kristo, huangukia Alhamisi, na mtu mwenye akili zake hawezi kurudi kazini Ijumaa. Kwa hiyo kila mwaka, kabla kipupwe hakijakaza, hao wawili hupanda milimani kuangalia majani yaliyobadilika rangi na kula kila kinacholiwa njiani. Adelar huendesha. Yeye ndiye anayejua pa kupita, pa kusimama, nani ana jibini nzuri na ya nani inatafunika kama mpira. Zelinda alipata leseni yake tangu msichana, lakini hakuwahi kulitoa gari nje ya mji. Kanisani na sokoni, basi. Adelar alikuwa akisema usukani wa milimani si wa kila mtu, na kwa "kila mtu" alimaanisha mtu mmoja tu.

Kazi ya Zelinda safarini ilikuwa kumimina chai. Sisi chai yetu ni ile chungu ya majani mabichi, inanywewa kwenye kibuyu kwa mrija wa chuma, na kibuyu ni kimoja kwa wote, kinazunguka. Anayemimina hunywa cha kwanza, kwa sababu cha kwanza ndicho kichungu kuliko vyote. Na mrija haukorogwi. Huku kwetu unaweza kumtania mtu timu yake, ukamtania hata mama mkwe wake, lakini ukikoroga mrija wake utaonyeshwa mlango. Nyumbani Adelar ndiye mwenye kibuyu. Garini, anayemimina ni yule anayekaa kando ya dereva, na hapo Adelar alikuwa amejitungia sheria yake. Hata gari liwe limembeba askofu, kikijazwa cha pili yeye hunyoosha mkono bila kugeuza kichwa na kusema, "Dereva kwanza."

Safari hii Zelinda aliniomba niende nao, basi Jumapili tukatandaza ramani juu ya meza ya jikoni. Adelar alikuwa kwenye kiti chake, katugeuzia mgongo. Zelinda akaanza kupanga kwa sauti, kama anayesomea darasa. Akasema tutapita Bom Jesus, halafu tuvuke mto. Nikaitikia kwamba hiyo ndiyo njia.

Mgongo ukasema kwamba ile ni njia ya vumbi, na mwenye akili anapita lami ya Lages.

Zelinda akasema sawa, Lages. Chakula cha mchana tutakula Painel, kwa yule mama anayekaanga pinhão na nyama na pilipili hoho. Mgongo ukaguna. Yule mama amestaafu, ukasema, siku hizi anapika binti yake na anaua kila kitu kwa nyanya. Mpite, mwende mbele kidogo, kwa mzee anayechoma pinhão chini kwenye majani makavu ya msonobari, mle mkiwa mmesimama. Na jibini msinunue barabarani. Na São Joaquim msifike jioni, jalidi inaanguka mapema. Na pale Bom Jardim, kabla ya kushuka zile kona, lazima kusimama.

Chai haijamaliza mzunguko, kaka yangu alikuwa ameshapanga safari nzima kuanzia kiamsha kinywa mpaka mahali pa kujisaidia. Zelinda akakunja ramani akasema basi tumepatana, tunaondoka Alhamisi.

Hapo ndipo alipogeuka.

"Mmepatana nyinyi. Mimi siendi."

Sababu zake zilikuwa nyingi na zote za kipuuzi. Kuna ukungu. Kuna kuku. Mbwa anakohoa. Nikamwambia mbwa amekohoa tangu azaliwe na bado anaishi. Akanitazama kwa yale macho yake yenye wingu, kisha akasema lililokuwa moyoni, na akalisema kwa mkewe, si kwangu.

"Nimeendesha tangu sina ndevu. Leo niende nimewekwa pembeni kama mfuko wa unga?"

Zelinda alikuwa ameshika kibuyu. Akakiweka mezani taratibu.

"Mimi nimekaa pembeni maisha yangu yote, Adelar. Nilikuwa mfuko wa unga?"

Kuni zikalia jikoni. Adelar akarudi kuutazama moto, ila sikio lake moja nililoliona lilikuwa jekundu. Mimi nilichukua shali yangu nikaenda zangu.

Alhamisi asubuhi tulipakia gari mapema, kabla barabara hazijafungwa. Majirani walikuwa wameshapiga magoti kwenye lami, wanatandaza mazulia yao ya unga wa mbao wa rangi kwa ajili ya maandamano ya kanisa. Zelinda alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Tulikuwa tumeshakata tamaa ya Adelar, tunajadiliana nani amlishe, mara mlango ukafunguka akatoka na kofia yake na poncho yake, lile joho lake la sufu. Alisema anakuja kuhakikisha gari linarudi zima. Kisha akapita kiti cha mbele, akafungua mlango wa nyuma, akaingia na kukunja mikono.

Zelinda alikitazama kile kiti kitupu kando yake, na nikaona machozi yanamlengalenga. Nilitamani kumtoa kaka yangu kwa kumvuta masikio. Badala yake nikakaa mimi, nikapakata chupa ya maji ya moto na kibuyu, tukaondoka.

Sitadanganya, tulianza vibaya. Gari lilizima mbele ya kanisa, watu wote wa mazulia wakiangalia. Kila Zelinda alipobadilisha gia na gia ikalia, nyuma kulisikika mtu anavuta pumzi kama anang'olewa jino. Lakini tulipoipita Lages jua lilikuwa limetoka, jalidi inayeyuka kwenye nyasi, misonobari imesimama na vilele vyake kama miavuli, na kila penye nyumba miti mirefu ya mipopla imegeuka njano tupu. Zelinda alishusha mabega. Akaanza kuimba kidogo kidogo, na gia zikaacha kulia.

Huko Painel yule mzee alitumwagia pinhão kwenye rundo la majani makavu, akawasha, moto ukapanda na kuisha, tukabaki tunaokota mbegu kwenye majivu na kuunguza vidole. Adelar alikataa kushuka. Nikamjazia kofia yake mbegu, ikarudi na maganda matupu. Kununa kwake hakukuwa kumefika tumboni.

Tulipoingia tena barabarani nikaanza kumimina chai, na hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kibuyu hujazwa majani kikalazwa upande, maji yakapita kando tu, nusu ya majani ibaki kavu. Mimi nilimimina katikati kama anayemwagilia mchicha. Nikampa Zelinda tuliposimama kupisha ng'ombe. Akavuta, hakikuja kitu. Akanitazama. Nikamkonyeza.

"Wifi, mrija umeziba," akasema kwa sauti kubwa, Mungu ambariki.

Nikaushika mrija nikauzungusha kama ninakoroga uji.

"Neiva," sauti ikatoka nyuma. "Acha huo mrija."

"Umeziba, kaka."

"Umeziba kwa sababu unaukoroga."

Nikaukoroga tena. Njia nzima mpaka São Joaquim nilikuwa nakoroga, naziba, namwaga, nakoroga. Nilikoroga mbele ya mashamba ya matufaha, nikakoroga tukila samaki wa mtoni kwa siagi. Adelar alijikaza. Alifumba macho, akahamishia uso dirishani, akauma ncha ya kofia. Mkaidi wa ukoo wetu si wa mchezo, nami ni wa ukoo huohuo.

Bom Jardim tulisimama pale alipotuagiza mwenyewe, mahali pa kutazamia, ambapo nchi inakatika ghafla na barabara inashuka ukingoni, kona juu ya kona. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka chini. Zelinda alizima gari. Mikono yake haikutoka kwenye usukani.

"Naogopa," akasema. Hakumwambia mtu. "Nataka kushuka na naogopa. Ningepata chai moja tu iliyo sawa, ningeshuka."

Mlango wa nyuma ukafunguka. Adelar akashuka, akaja mbele huku anapapasa gari kwa kiganja, akaenda moja kwa moja mpaka dirisha la dereva akasimama. Nikasema moyoni basi, anataka funguo, na huyu mwanamke atampa, na tutarudi nyumbani kwenye kile kiti. Zelinda alikaza vidole kwenye usukani. Hakumtazama.

Adelar akainama.

"Washa taa," akasema. "Kuna ukungu."

Akaendelea kupapasa, akazunguka pua ya gari, akafungua mlango wangu.

"Toka hapo, mharibifu."

Sikuwahi kufurahi hivyo kutukanwa. Nikahamia nyuma mbio. Kaka yangu akakaa kando ya mkewe, akamwaga uchafu wangu nje, akajaza majani mapya, akalaza kibuyu kama baba alivyotufundisha, akalowesha upande mmoja kwa maji ya vuguvugu, akasubiri, akachomeka mrija. Bonde lote lilikuwa mbele yake na hakuliona, lakini vidole vyake havikukosea hata tone. Akanywa cha kwanza, akakunja uso, akatema nje ya dirisha. Akajaza cha pili.

Mimi nilikuwa na kiu ya kutwa nzima. Nikanyoosha mkono kati ya viti. Akaukwepa.

"Dereva kwanza," akasema.

Zelinda alikipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa polepole mpaka mrija ukakoroma, na machozi yakamshuka mpaka kidevuni wala hakuyafuta. Akamrudishia. Akawasha taa, akawasha gari, akaingiza gia bila kelele, tukaanza kushuka.

Kona ya kwanza hakuna aliyepumua. Ya pili Adelar aliuliza, kwa upole ambao sikuwahi kumsikia nao, upande wa pili kunaonekanaje. Zelinda akamwambia kuna mti mmoja mwekundu peke yake mwambani, na maji yanaanguka nyuma yake, na ukungu umekaa chini. Ya tatu akamwambia kuna wanyama wenye mikia mirefu wanaomba biskuti. Wakaendelea hivyo, huyu anaendesha na kusimulia, yule kapakata kibuyu anacheka. Mimi chai yangu niliipata tumeshafika katikati, imepoa. Nikalalamika na hakuna aliyenisikiliza.

Tulipofika chini Zelinda aliegesha gari kando, akashusha pumzi ndefu, akamwambia mumewe asijali, mwakani macho yatakuwa yamepona na kiti chake cha dereva atarudishiwa.

Adelar alifikiri huku anafuta mrija kwa kitambaa.

"Halafu nani atamimina?" akauliza. "Huyu?"

Akaninyooshea kidole bila kugeuza kichwa, akanyoosha mkono mwingine kuchukua chupa, na kumjazia mkewe kibuyu kingine.